UZI: Uraia wa dunia tumfundishe vipi mtoto wa Pemba? Mimi nasema tuanzie kwenye mwani

#1 Maalim wa Pwani

Asalaam aleikum wanajamvi.

Skuli yetu imeletewa bango jipya lenye vile viboksi 17 vya rangi vya Malengo ya Maendeleo Endelevu. Tumelibandika ofisini, juu ya ratiba. Watoto wangu wa darasa la sita wanakuhesabia yote, kutoka kutokomeza umasikini mpaka la mwisho, bila ya kukwama. Sasa muulize mtoto huyo huyo: mwani anaolima mamako ukishatiwa kwenye magunia unakwenda wapi? Nani anautumia, na kwa kazi gani? Anakutazama tu. Nyumbani kwao mwani ndio uliomnunulia yunifomu.

Kwa wasioufuata huu mjadala, 2015 nchi za Umoja wa Mataifa ziliafikiana yale malengo 17. La nne ni la elimu, na ndani yake mna kipengele cha 4.7: ifikapo 2030 kila mwanafunzi awe amepata maarifa na ujuzi wa kuendeleza maendeleo endelevu. Humo wametia haki za binadamu, usawa wa wanawake na wanaume, utamaduni wa amani, uraia wa dunia (mtu kujiona ana haki na wajibu kwa ulimwengu mzima), na kuthamini tamaduni za watu wengine. Novemba 2023 nchi wanachama wa UNESCO, zote 194, zikapitisha pendekezo jipya la elimu ya amani, haki za binadamu na maendeleo endelevu, likachukua nafasi ya lile la 1974. Wanataka elimu inayomgeuza mtu. Ajue, lile jambo limguse, kisha atende. Wala sina ugomvi na hayo.

Ugomvi wangu ni semina. Tunaitwa hotelini, tunapewa mkoba na kalamu, tunaoneshwa picha za barafu inayoyeyuka na dubu mweupe juu yake, tunarudi. Mwalimu mwenzangu aliuliza mbona hamna picha hata moja ya pwani yetu, akaambiwa moduli ndivyo ilivyokuja.

Hoja yangu ni hii: elimu ya namna hiyo Pemba tushaifanya, na ilifanya kazi, ila haikufanyika skuli.

Chukueni popo wa Pemba, yule mkubwa ambaye hapatikani pengine popote duniani isipokuwa kisiwa hiki. Wazee wetu walimla, na hilo halina aibu, ilikuwa kitoweo. Bunduki zilipozidi na misitu ilipokatwa akakaribia kwisha, na 1996 orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira asilia, ilimuweka daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Miaka hiyo ya 90 vijiji vikaanzisha vilabu vya kumlinda, Kidike kikiwa kimoja chao. Hakuna aliyeletewa askari. Watu walikaa, wakazungumza nani anachavusha na kusambaza mbegu za miti usiku, wakakubaliana kutopiga, wakaanza kuhesabu popo wenyewe. 2008 IUCN wakamshusha daraja la hatari, na idadi ikawa imeshapanda hadi makumi ya maelfu. Aliyekuwa akitega ndiye aliyekuja kuwa mlinzi. Kama huko siko kugeuzwa na elimu, basi sijui neno hilo wanalitumia kwa nini.

Halafu Misali. Kisiwa kile kilifanywa eneo la hifadhi 1998, na wavuvi wanaokitegemea wanazidi elfu, kutoka shehia (vijiji) nyingi. Sheria ya serikali dhidi ya baruti na nyavu za kuharibu ilikuwapo, lakini wengi waliiona ni ya afisa wa uvuvi. Ndipo mnamo 1999 shirika la misaada la CARE, pamoja na taasisi ya Kiislamu ya mazingira ya Uingereza iliyoasisiwa na Fazlun Khalid, wakakaa na masheikh na wavuvi, wakarudi kwenye yale tunayoyasoma vyuoni (madrasa) tangu udogo: binaadamu ni khalifa, yaani mwangalizi aliyewekwa na Mungu, ardhi na bahari ni amana, israfu ni haramu, na Mola amekataza kufanya uharibifu katika ardhi baada ya kutengenezwa. Mvuvi aliyekuwa haogopi boti ya doria akaanza kujiuliza riziki yake ni halali au la.

Sasa mwani. Kilimo cha biashara kilianza Unguja 1989, kikaenea Pemba, na leo Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa. Wengi wa wakulima ni mama zetu. Aina ni mbili. Spinosamu, ule mwembamba, unastahamili, lakini bei yake ni duni. Kotonii, ule mnene, ndio wenye bei, na ndio unaokufa maji yakipata moto: unageuka mweupe, unalegea, unakatika kwenye kamba. Ukikaushwa unapelekwa nje, hutolewa kitu cha kuganda kinachoitwa karajinani, kinatiwa kwenye dawa ya meno, aiskrimu, maziwa ya chokoleti, vipodozi.

Someni tena hapo. Mama wa Micheweni anasimama majini toka alfajiri mpaka maji yajae ili mtu wa Ulaya dawa yake ya meno isimiminike. Na bahari inayomuulia kotonii imepata moto kwa moshi ambao hakuufukiza yeye. Jiografia, sayansi, hesabu, uraia, yote yamo kwenye kamba moja. Mtoto akiifuata kamba ile mwanzo hadi mwisho atakuwa ameshafika duniani, bila ya dubu.

Nataka mawazo, khasa ya walimu na ya wanaokwenda pwani. Matusi sitaki.

#2 Baba Salma

Maalim nakuheshimu, ila mimi nina suali moja tu. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Hiyo kamba ya mwani itakuja kwenye mtihani?

Maana mtaala wa msingi ni wetu, Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali hapa hapa inaweza kuupanga. Lakini mtihani wa kidato cha nne na cha sita ni wa Baraza la Mitihani la Tanzania. Wanaotunga hawajui mambo ya mwani wa Micheweni na hawalazimiki kujua. Mwalimu akimpeleka mtoto wangu pwani wiki nzima, mwenzake wa skuli ya binafsi mjini anakariri notsi, wakikutana kwenye karatasi nani atapasi? Nyinyi mnazungumza kugeuza watu, sisi tunalipa tuisheni.

#3 Mkulima wa Mwani

Mwanangu Maalim, nimesomewa uzi wako na mjukuu, naye ndiye anayeniandikia. Umesema kweli, lakini umesema kama mtu anayetutazama kutoka juu ya ngazi za skuli.

Watoto wanaujua mwani kuliko unavyofikiri. Wangu anajua kufunga tai-tai, vile vikamba vya kufungia mbegu, toka hajaanza darasa la kwanza, anajua bamvua (maji yanapotoka na kujaa sana) lini na maji mafu lini, anajua mbegu ipi ishachoka. Asilolijua ni bei inapangwa na nani. Na mimi pia silijui! Mnunuzi anakuja, anasema kilo ni kiasi kadha, ukikataa anakwenda kijiji cha pili. Sasa ukimfundisha mtoto kuwa mwani unatiwa kwenye dawa ya meno, vizuri, nami nimefurahi kujua. Bei itapanda?

Jambo jingine. Wataalamu walikuja wakatwambia kotonii tuuhamishe maji ya kina, huko hakuna joto. Kweli, huko haufi. Lakini huko kunataka chombo na kunataka kuogelea. Sisi tumezaliwa kisiwani, tumezeeka majini, wengi wetu hatujui kuogelea, kwa sababu tulipokuwa wadogo mtoto wa kike akionekana anapiga mbizi anaitwa mhuni. Wanaume ndio wenye vyombo. Basi mwani wa bei ukawa unaelekea kwa wanaume, sisi tukabaki na ule mwembamba. Hilo mtie kwenye somo lako.

#4 Bint Ukili

Bi mkubwa, shikamoo. Hili la kuogelea ungeliandikia uzi wake.

Nilipokuwa skuli Unguja tulipelekwa Chumbe. Kile kisiwa kimehifadhiwa tangu 1994, walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi, na pesa za wageni wanaolala pale ndizo zinazolipia safari za wanafunzi. Tulivishwa maboya, tukatiwa majini na vioo usoni. Nilikuwa sijawahi kuyaona matumbawe hai, na nimezaliwa mita chache kutoka baharini. Nilikuwa nayajua kama mawe ya kujengea. Mwalimu wetu wa kike naye alikuwa mara ya kwanza, alipiga kelele mpaka walinzi wakacheka. Sikumbuki ukurasa hata mmoja wa kitabu cha sayansi cha mwaka ule, ila rangi za pale nazikumbuka.

Tatizo Chumbe ni kimoja na skuli ni nyingi.

#5 Mdago wa Kojani

Mimi ni mvuvi, nimekwenda dago, kambi za uvuvi za mbali, Tanga, Mombasa, mpaka Lamu. Misali naijua kwa kulala, si kwa kusoma.

Maalim, hadithi ya Misali imekuwa tamu sana kwenye makaratasi. Kila mgeni anayekuja anaihadithia: masheikh walisema, wavuvi wakaacha. Baadhi waliacha, ni kweli, na wengine mpaka leo wameshika. Lakini nikwambie kitu hakisemwi semina. Khutba inamuingia mtu ambaye jioni ile ana cha kupika. Asiyekuwa nacho analia msikitini, kisha usiku anakwenda na juya, wavu ule uliokatazwa. Si kwamba hamuogopi Mungu. Watoto wanamsubiri.

Na kuna jengine. Anayetii ndiye anayepoteza. Mimi nikiacha sehemu iliyokatazwa, mwenye boti kubwa ya mashine kutoka mbali anaingia usiku, anasomba, anaondoka. Samaki wale niliowaachia hawakubaki baharini, wamekwenda sokoni kwa mtu mwengine. Mnafundisha watoto kuwa wema. Nani anawafundisha wenye boti?

#6 Maalim wa Pwani

Nimerudi, umeme ulikatika.

Baba Salma: huna kosa hata chembe. Lakini tazama maswali ya mitihani yenyewe. Wanauliza athari za mabadiliko ya tabianchi, wanauliza biashara ya kimataifa, wanauliza haki na wajibu wa raia. Mtoto aliyeifuata ile kamba ana mifano ya kuandika ukurasa mzima. Aliyekariri ana mistari mitatu, tena ile ile ya kila mtu. Sijasema wiki nzima pwani. Asubuhi moja, maji yakitoka, na vipindi vya darasani vya kuandika kilichoonekana.

Bi mkubwa: bei haitapanda kwa mtoto kujua. Ila mtoto asiyejua hawezi hata kuuliza kwa nini haipandi. Hapo unaposema na wewe hujui nani anapanga, mimi ningetaka hilo liwe ndilo suali la darasa: wakamuulize mnunuzi, wamuulize afisa, waandike majibu, waone yanapogongana. Mkulima mmoja akikataa bei, mnunuzi anakwenda kijiji cha pili. Vijiji vyote vikizungumza kwanza, anakwenda wapi?

Ndugu yangu wa Kojani, lako ndilo gumu, nitalirudia.

#7 Mtu wa Ng'ambo

Samahanini, mimi nitatia maji baridi. "Raia wa dunia." Nimeishi nje, narudi likizo. Mtoto wa Pemba mnamwambia ni raia wa dunia, akishakua akiomba viza anaulizwa ana akiba kiasi gani benki, ana mke, ana shamba, ana sababu gani ya kurudi kwao, na baada ya hapo anakataliwa na ada haregeshewi. Mtoto wa Ulaya anaingia Zanzibar na kaptula, viza analipia uwanja wa ndege. Hao wawili ni raia wa dunia ipi?

Mimi naona haya ni maneno ya kututuliza. Sisi tupande mikandaa (mikoko), tuache mifuko ya plastiki, tupendane na tamaduni zote, wao waendelee kuruka na ndege.

#8 Msomi wa Tunguu

Mtu wa Ng'ambo, suali lako ndilo ambalo somo lenyewe linatakiwa lifike. Uraia wa dunia ukifundishwa bila ya kuuliza nani ana uwezo na nani hana, unabaki kuwa adabu njema tu. Wapo waalimu wanaoogopa kuligusa kwa sababu linanusa siasa. Lakini mtoto anaweza kupewa lile lile la viza alijadili, na mwalimu asimpe jibu.

Kisha tusisahau sisi ni watu gani. Mkarafuu si mti wetu wa asili, uliletwa mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia visiwa vya Bahari ya Hindi, na asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Waliopandishwa na kuchumishwa wengi wao walikuwa watumwa, na hilo nalo lisemwe darasani bila ya kupepesa macho. Karne ya 20 mnunuzi wetu mkubwa akawa Indonesia, wanazitia karafuu kwenye sigara. Walipopanda za kwao wakajitosheleza, miaka ya 80 bei ikaporomoka, na nyumba ngapi za Wete na Mkoani ziliyumba kwa uamuzi uliopitishwa Jakarta? Wazee wetu hawakuhitaji semina kujua kuwa dunia imefungamana. Walichokosa ni nafasi ya kusema neno mahali panapoamuliwa.

La mwisho kutoka kwangu: sera ya elimu ya 2006 iliingiza Kiingereza kwenye hesabati na sayansi kuanzia darasa la tano. Mtoto ambaye nyumbani anaweza kubishana na babu yake kutwa nzima kuhusu upepo wa kusi na kaskazi, darasani ananyamaza. Suali analo, ila lugha ya kulitolea hana. Mnataka raia gani aliyefungwa mdomo?

#9 Baba Salma

Hapo Msomi umenigusa. Salma nyumbani hanyamazi. Skuli ripoti inasema "ni mkimya".

#10 Mzee Mkarafuu

Nimesoma zote. Mimi ni katika waliosoma bure baada ya Septemba 1964, baba yangu hakuwa na senti ya ada. Kwa hiyo msiniambie elimu haigeuzi, mimi ni mtoto wa mchumaji na nikaishia kuwa karani wa serikali.

Lakini jihadharini na kitu kimoja. Enzi zetu nasi tuliambiwa elimu iungane na kazi. Tukapewa shamba la skuli. Shamba lile likawa ndipo anapopelekwa mtoto mtundu: umechelewa, kalime, umepiga kelele, kalime. Na muhogo ukivunwa hatujui ulipokwenda. Waliotoka pale wakachukia jembe maisha yao yote. Sasa nyinyi mkipeleka watoto pwani, wasiwe vibarua wa kupanda mikandaa ili mtu apige picha na shati lenye nembo. Nimeona kijiji kimoja, siwataji, miche imepandwa mahali pa mchanga mtupu ambapo mkandaa haujapata kuota, maana mgeni alitaka karibu na barabara. Bamvua ya kwanza ikaichukua yote. Mtoto pale kajifunza nini? Kajifunza kuwa kazi hizi ni za kuonesha.

#11 Mkulima wa Mwani

Allah akuweke mzee wangu. Kijiji hicho nakijua!

#12 Mdago wa Kojani

Maalim bado nasubiri jibu langu.

#13 Maalim wa Pwani

Mzee Mkarafuu, la shamba nimelichukua, na la picha zaidi.

Ndugu wa Kojani, sina jibu la kumfundisha mwenye boti. Huyo ni wa sheria na doria, na doria ikiwa haina mafuta, skuli haiwezi kuijazia tangi. Nakubali pia kwamba khutba peke yake haimshibishi mtu. Ila tazama wanavyofanya Kisiwa Panza na pweza. Kijiji kinakubaliana mwamba fulani ufungwe miezi mitatu hivi, si milele. Pweza anakua haraka mno, umri wake wote haupiti sana mwaka, kwa hivyo miezi hiyo inatosha kumtoa kwenye udogo. Siku ya kufungua watu wanabeba wakubwa. Pale hakuna aliyeombwa kuwa mwema bila ya malipo. Ameombwa asubiri, na anaona kwa macho kile alichosubiri. Kisiwa Panza penyewe maji ya chumvi yameingia kwenye mabonde ya mpunga, watu wamepoteza mashamba. Hawakuwa na raha ya kufanya majaribio, na bado wamefanya.

Suali la nani anapoteza nataka watoto walichukue wao. Wakahesabu: siku ya kufungua mwamba nani kapata, nani kaja kutoka nje, kilo zimeuzwa kwa nani. Wakiona wanawake wachokoaji, wanaochokoa pweza kwa miguu, wamepata kidogo na wenye vyombo wamesomba, waliandike hivyo hivyo na walipeleke kwa sheha.

#14 Mdago wa Kojani

Sasa hapo unasema kitu. Maana kwenye vikao vyetu vya kamati za uvuvi hakuna hesabu, kuna kelele. Kila mtu anasema mwenzake kachukua. Karatasi iliyoandikwa na watoto haina chama, na mzazi anaona haya kumwita mwanawe muongo.

Ila wasije na kalamu tu. Waje mapema, wakae upande wa wachokoaji, na wasikanyage matumbawe. Na mizani iwe yao, wasitumie ya mnunuzi. Ya mnunuzi naijua mimi.

#15 Bint Ukili

Mizani ya mnunuzi, heri umesema wewe 😂

Maalim, wasichana wawe ndio wanaopima. Wavulana watakimbilia kwenye vyombo.

#16 Mtu wa Ng'ambo

Bado neno "raia wa dunia" halinikai vizuri. Lakini mkifanya hiyo hesabu ya pweza, mtajua pia pweza anakouzwa? Wengi wanakwenda Ulaya, Italia na Ureno wanawala sana. Nilipo mimi bei ya mkahawani naweza kuitazama na kuwatumia picha ya menyu. Watoto wapige hesabu wenyewe baina ya bei ya mwambani na bei ya mezani.

#17 Maalim wa Pwani

Tuma. Tena tuma na pakiti ya dawa ya meno yenye jina la karajinani nyuma, Bi mkubwa aione.

Baba Salma, nitahitaji mzazi wa kusimama na watoto siku ya maji kutoka, mwalimu mmoja hatoshi kwa darasa letu. Una nafasi?

#18 Baba Salma

Bamvua ijayo iko katikati ya wiki, kazini siwezi. Inayofuata nitakuja, na Salma nitamleta, yeye anaandika haraka. Mizani ipo kwa shemeji yangu, ya kuning'iniza, inafika kilo 50. Nikaiombe?

#19 Mdago wa Kojani

Kaiombe. Na kwanza ipime kwa kitu unachokijua uzito wake, mfuko wa mchele wa kilo 25 usiofunguliwa.